Jina la Pétronille Kwenye Daftari

Saa moja na nusu ya asubuhi, Jumatatu moja ya mwezi wa tatu mwaka 1956, mwalimu Hubert alifungua daftari la majina ya darasa la tano, akachovya kalamu kwenye wino, akaanza kuita. Watoto walikuwa arobaini, wanne wanne kwenye mabenchi kumi. Shule ilikuwa ile ndogo ya misheni upande wa maporomoko, hapa Kisangani, ambako maji hayanyamazi na mwalimu hupaza sauti mpaka koo limkauke. Kila aliyeitwa alisimama, akaitika, akaketi. Hubert alipofika jina la kumi na saba alisita kidogo, kisha akalisoma.

"Présente!" akaitika Pétronille kutoka benchi la tatu.

Alikuwa amezama Ijumaa.

Nguo yake ya shule ilikuwa imelowa chepechepe na maji yalimtiririka hadi sakafuni. Delphine, jirani yake wa benchi, alisogeza mfuko wake wa vitabu usije ukalowa. Hubert akatia alama mbele ya jina, akaendelea na la kumi na nane.

Ieleweke jinsi alivyozama. Kwenye ratiba, baada ya hesabu, imla, jiografia, usafi na katekisimu, saa nane mchana kulikuwa na somo la kazi za mikono. Somo lenyewe lilikuwa kuchota mchanga wa mto kwa vikapu na kuupandisha kilimani, kwa kuwa Padri mkuu wa shule alikuwa anajenga kanisa jipya. Ijumaa ile mto ulikuwa umejaa na mchanga wa ukingoni umekwisha. Padri akasema watoto wa Wagenya, wavuvi wa maporomoko, waende mbele zaidi, maana hao wamezaliwa majini. Hayo husemwa na watu wasioujua mto. Mtoto wa Mgenya hufundishwa kuyaogopa maporomoko kabla hajajua kutembea, na baba zao wakipanda juu ya miti ya mitego ya samaki hushika kamba kwa mikono miwili. Pétronille, mwenye miaka kumi na miwili, alikwenda kwa sababu mkubwa alisema, na nyumbani alifundishwa kuwa mkubwa akisema, mtoto habishi. Mwili wake haukuonekana.

Hubert naye hakuliita jina kwa kusahau. Yeye ni mtu wa Isangi, mbali huko chini ya mto, na kwao mtu akizama, ndugu zake humwita asubuhi tatu mfululizo ili mwili uelee, wauzike. Kwa watu wa maporomoko ni kinyume kabisa: aliyechukuliwa na maji, jina lake halitajwi siku arobaini, maana akiitwa atakuja. Hakuna aliyekuwa amemweleza hayo. Mgeni ni kipofu hata akiwa na macho.

Jioni ya Jumatatu hiyo Augustine, mama yake Pétronille, alimfuata Hubert nyumbani kwake.

"Mwalimu, ulimuita?"

"Nilimuita, mama. Kwetu ndiyo tunafanya vile."

"Kwetu hapana." Augustine akaketi kizingitini. "Bon. Sasa atakuja kila siku, mpaka jina yake itoke mu kitabu. Iko na nguo gani?"

"Ile ya masomo. Imelowa."

Augustine akalia pale pale kwa sauti, na mke wa Hubert akamletea maji ya kunawa uso.

Jumanne Hubert aliliruka jina. Pétronille alisimama mlangoni tangu asubuhi hadi mchana, haingii wala haondoki, mvua ikimpiga mgongoni, na watoto wakashindwa kusikiliza. Jumatano akamwita tena, naye akaingia, akaketi. Ilionekana ni afadhali hivyo. Delphine akapewa zamu ya kukausha sakafu kwa kitambaa kila baada ya somo.

Masomo yakaendelea kama kawaida. Katika hesabu Hubert aliandika ubaoni: lori moja linajaa vikapu mia mbili na arobaini vya mchanga, wanafunzi ni arobaini, kila mmoja atabeba vingapi? Pétronille aliinua mkono kabla ya wote.

"Sita, mwalimu. Mimi nilibeba tano."

Hubert akasema jibu ni sahihi. Akafuta ubao.

Katika jiografia aliitwa mbele aonyeshe mto kwenye ramani. Alianzia kwenye chanzo, akapita Ubundu, akafika Kisangani, na hapo kidole chake kikabaki. Karatasi ikavimba. Ramani ilianikwa nje siku nzima na tangu hapo ina doa mahali pa mji wetu, ila bado inasomeka. Katika usafi walijifunza kuchemsha maji ya kunywa. Katika imla hakukosa hata herufi moja, lakini wino ulikuwa unamchuruzika, ikabidi aandike kwa chaki kwenye kibao. Alhamisi Padri mwenyewe alifundisha katekisimu. Akauliza wafu watafufuka lini. Pétronille akajibu kama kitabu kinavyosema, siku ya mwisho, na Padri akampa kumi juu ya kumi.

Augustine alikwenda ofisini kwa Padri wiki ya pili. Padri hakuwa mtu wa makelele. Alimpa kiti.

"Mon père, nakuomba, toa jina ya mutoto. Iko anachoka."

"Mama, daftari hili ni la serikali. Mkaguzi akija atasoma nini? Mwanafunzi yuko darasani kila siku, alama zake ni nzuri, halafu niandike kwamba amekufa?"

"Alikufa. Alikufa mu muchanga yenu."

"Mchanga hauna safu, mama."

Akamwonyesha safu zilizopo: amehama, ameolewa, ni mgonjwa, ameondolewa na mzazi kwa hiari yake. Safu ya vifo ilikuwepo pia, lakini hiyo ilitaka karatasi ya daktari, na daktari alitaka mwili, na mwili, Padri alisema kwa upole, ulikuwa benchi la tatu ukifanya hesabu.

"Tia kidole hapa, penye mzazi," akasema. "Atapumzika kesho."

"Mimi sikumutoa." Augustine akasimama. "Mimi nilimuleta. Nilimuosha, nikamuvalisha, nikamuleta na miguu yangu."

Akaondoka bila kuaga, naye ni mwanamke anayemwamkia hata mbuzi wa jirani.

Tangu siku hiyo alikuja kila asubuhi na kusimama kwenye dirisha la benchi la tatu. Alileta nguo kavu. Zilipovaliwa tu, zililowa. Alileta samaki wa moto kwenye jani. Mtoto alimnusa akamrudisha. Hawakuongea sana. Lakini tuseme kweli, Augustine alifurahi pia. Mama gani asingefurahi? Alizaa sita na mto ulimchukua mmoja, na huyo mmoja alikuwa hapo, kichwa kimeinama juu ya kibao, akikokotoa. Mumewe, Séverin, hakuja hata siku moja. Alisema akimwona atamshika mkono, na akimshika hatamwachia, na kuna wengine watano wa kulisha.

Ilipofika mwezi wa tano vidole vya Pétronille vilikuwa vimekuwa vyeupe na laini. Siku moja chaki ikamponyoka mara tatu. Mara ya nne hakuiokota. Haikujulikana kama alikuwa analia, kwa kuwa uso wake ulikuwa na maji siku zote.

"Petro," Augustine alimwita dirishani kwa jina la nyumbani. "Iko nini?"

"Baridi, mama."

"Unataka kubaki na wenzako?"

Pétronille aliangalia ubao, ambako mwalimu alikuwa ameandika majina ya bandari za Ulaya.

"Nataka kulala," akasema.

Augustine alizunguka nyumba ya shule, akapanda ngazi za ofisi. Padri akafungua daftari, akamwita Hubert awe shahidi. Hubert akaligeuza lile daftari, akamsomea mama kwa Kiswahili, polepole, akijua kwamba anachosoma ni uongo.

"Mama Augustine, inasema ni weye ulimutoa. Kwa kupenda yako."

"Nasikia."

"Ukitia kidole, hakuna mutu atauliza tena alikufa namna gani."

"Nasikia, mwalimu. Weye ulimuita, na weye unajua vile alikufa. Unaweza kusema?"

Hubert ana watoto wanne na nyumba anayokaa ni ya misheni. Augustine hakumlaumu. Alichovya kidole gumba kwenye wino, akakikandamiza pale Padri alipomwonyesha. Kisha akasema iandikwe pia kwamba mtoto alikuwa wa kwanza katika hesabu. Padri alitafuta kwenye ukurasa, kwa kweli alitafuta, akasema hakuna nafasi ya jambo hilo.

Asubuhi iliyofuata jina la kumi na saba lilikuwa na mstari mwekundu. Hubert akasoma la kumi na sita, kisha la kumi na nane. Ilipofika saa nne benchi la tatu lilikuwa limekauka, na Delphine akatanua kiwiko chake. Watoto walijifunza sehemu, yaani nusu na robo, na wimbo wa sauti mbili.

Saa nane walichukua vikapu, wakashuka mtoni.

Augustine alikuwa amekwisha kufika. Alikuwa amefunga kitenge juu ya magoti, amesimama majini hadi kiunoni, mahali mkondo unapoanza kuvuta, uso kwa watoto na mgongo kwa maporomoko. Mtoto aliyesogea mbele alimrudisha kwa kiganja kifuani. Alibaki hapo mpaka kikapu cha mwisho kilipopanda, kisha akatoka, akakamua nguo, akaenda kupika. Kesho yake akaja tena, na keshokutwa.

Padri alimwona kutoka barazani. Ijumaa akamwita Hubert, akamwambia hana kinyongo na yule mama, anapenda watu wa bidii. Kwa kuwa yuko pale kila siku, akasema, apewe kikapu.

Hubert akampelekea. Augustine alikipokea kwa mikono miwili, akakiweka kwenye mawe, akarudi majini.