Neno Mji

Mtu akikuambia kukoma hedhi ni kupumzika, mlete akae kwenye cherehani yangu. Nashona magauni ya maharusi, na satini nyeupe haina huruma: tone moja la jasho likidondoka, doa limeingia. Mwaka ule joto lilikuwa linanipanda kutoka kifuani hadi utosini bila hodi, nikawa nashona na taulo shingoni. Usiku, usingizi ulinipa kisogo.

Daktari wa wanawake alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo nalo ni tiba. Akanipa jeli ya estrojeni ya kupaka mkononi, akaniandikia na vidonge vya projesteroni vya kumeza kabla ya kulala.

"Jeli itatuliza joto," alisema, "lakini peke yake itanenepesha ukuta wa ndani wa mji wa mimba. Kidonge ndicho kinachoulinda. Hivi ni pacha, mama. Usitumie kimoja ukaacha kingine."

Mimi fundi nilielewa. Bitana, kile kitambaa cha ndani, ikizidi kukua bila mkasi, gauni limeharibika.

Jeli niliipata palepale. Vidonge vilikuwa vimekwisha, nikamtuma mume wangu avichukue kwenye duka la dawa la dada yake. Wifi yangu huyo anavaa koti jeupe hata siku za mapumziko, ndiyo maana ukoo mzima tunamwita Dakta. Nilimpa mume wangu karatasi, nikamfundisha na maneno ya kusema: dawa ya kulinda mji wa mimba. Alipofika kaunta, mbele ya wateja, neno moja likamponyoka. Akasema dawa ya kulinda mimba.

Dakta aliisoma karatasi. Projesteroni hupewa pia wajawazito ambao mimba zao zinatishia kutoka, kwa hiyo hakuona haja ya kuuliza zaidi. Mimba kwa wifi aliyekoma hedhi! Alicheka mpaka wateja wakacheka naye. Mume wangu akarudi mikono mitupu, amevimba.

"Umenifanya kichekesho," aliniambia, mteja wangu kasimama pale na gauni lililojaa pini.

"Vidonge viko wapi?"

"Vya nini? Dakta kasema ni vya wajawazito. Wewe paka jeli yako, inatosha."

Nikampigia simu wifi mwenyewe. Sikumaliza hata sentensi.

"Wifi, haya mambo nimeyasomea," akasema. "Huna mimba. Jeli inatosha. Sasa unalinda nini?"

Unalinda nini! Wanasema hasira hasara. Hasara nilikwisha kuipata, basi niacheni na hasira yangu. Mji huo umelea watoto wanne, na Dakta ndiye aliyekuja kuwapokea mmoja mmoja akisema hii damu yetu. Ulipokuwa na mtu ndani, kila mmoja alikuwa mlinzi: usibebe ndoo, usipande ngazi, kaa chini. Ulipobaki mtupu, hata kidonge ni anasa.

Mwisho nikajiambia aliyesoma anajua zaidi, nikapaka jeli peke yake. Joto likaisha, nikalala, nikashona satini bila taulo. Kisha, baada ya miezi kadhaa, mimi niliyekwisha kuagana na hedhi, nikaona damu. Wifi aliposikia akapiga vigelegele: "Ujana umerudi!"

Mimi nilirudi kwa daktari. Aliangalia kwa mashine, akaniambia ukuta umenenepa kupita kiasi, lazima kipande kitolewe kikapimwe saratani. Siku za kungoja majibu sikushona hata pindo. Niliogopa sana. Mume wangu alikuwa akija mlangoni kuniuliza kama nataka chai, nami namwambia akamuulize Dakta.

Haikuwa saratani. "Lakini ukuta ulikuwa umeshika njia ya huko," daktari alisema. Akasimamisha jeli kwanza, akaandika vidonge vilevile kwa kipimo kikubwa zaidi.

Safari hii nilikwenda dukani mwenyewe. Wateja walikuwa wengi, nami nilitaka wawe wengi.

"Naomba dawa ya kulinda mji wa mimba," nikasema kwa sauti. "Mji, wifi. Umesikia? Mji."

Dakta akawatazama wateja, akashusha sauti. "Pole, wifi. Tuyazungumze nyumbani. Mimi nilisikia mimba, nikajua hakuna mtu wa kulindwa."

"Alikuwepo," nikamwambia. "Mimi."