Jina la Arobaini na Mbili

Barua ya kamati ya kumbukumbu ilinifikia nyumbani kwangu Port Augusta mwezi wa Julai. Waliandika kwamba ukuta wa majina umekamilika, na wangependa mimi, Wesley Trezise, niliyekuwa katibu wa chama cha wachimbaji kwa miaka kumi na tisa, nisome majina ya watu waliofia mgodini Corrigal siku ya kuuzindua. Orodha ilikuwa ndani ya bahasha hiyohiyo. Majina arobaini na moja. Niliisoma mara tatu nikiwa nimesimama jikoni, kisha nikaketi. Lovro Marusich hakuwamo.

Sikushangaa. Kamati ilitaka waliokufa wakiwa kazini, na uchunguzi wa mwaka 1964 ulisema Lovro hakuwa kazini. Zamu yake ilikuwa imekwisha na alikuwa ameshapanda juu, halafu akashuka tena peke yake kwa ngazi, kabla moshi wa baruti haujatoka, akafia humo. Kwa nini alishuka, uchunguzi haukusema. Watu wakajitafutia sababu yao wenyewe: alikuwa anakwenda kuiba baruti awauzie wachimba vito. Mjane wake, Neda, aliishi na maneno hayo mji uleule, na bado yuko.

Sababu mimi niliijua. Nilinyamaza miaka hamsini na tisa.

Siku ya uzinduzi binti yangu Coralie alinifuata na gari lake saa kumi na mbili asubuhi. Aliniangalia kuanzia viatu hadi shingo.

"Baba, hiyo tai unamvalia nani? Nzi?"

"Namvalia aliyenialika."

"Watadhani wewe ndiye mchungaji, wataanza kukuungamia."

"Basi watangoja sana. Endesha."

Ni safari ya saa nne. Lami huisha baada ya saa moja na nusu, na kuanzia hapo ni udongo mwekundu wenye matuta madogo madogo yanayotikisa meno. Coralie anaijua barabara ile; alizaliwa mwisho wake. Kila tulipopishana na gari aliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, kama tunavyosalimiana huko, awe mtu unamjua au humjui.

Tulisimama kwa Dulcie kujaza mafuta. Amekaa na kituo kile peke yake tangu mumewe alipokimbilia pwani.

"Wesley! Wewe bado hujafa?"

"Nakungoja utangulie."

"Mimi siendi popote. Hata shetani kaikataa chai yangu." Akanisukumia kikombe na pai ya nyama. "Haya, msomaji wetu. Usisome kama unavyohutubia, watu wana njaa. Bia inafunguliwa ukishamaliza."

Nilicheka, nikaisogeza pai pembeni. Coralie aliimalizia.

Tulipokuwa tumekaza mwendo tena akaniambia nisome orodha, nizoeshe ulimi. Nikasoma. Nilivuta pumzi baada ya kila jina, kama nilivyojifunza. Nilipofika la mwisho nikabaki nimeishika karatasi.

"Ndiyo hao wote?"

"Kasoro mmoja. Mimi nitasoma arobaini na mbili."

"Nani mwingine?"

Nikamwambia. Nilikuwa nimepanga kumweleza kidogo tu, lakini ukishafungua mdomo juu ya jambo kama hili, halikubali kukatwa vipande.

Corrigal, kila mchimbaji alikuwa na kibati cha shaba chenye namba yake, na mdomoni mwa shimo palikuwa na ubao wa misumari. Ukishuka unakichukua kibati chako, ukipanda unakirudisha. Msumari mtupu maana yake kuna mtu chini. Wangu ulikuwa mia na kumi na mbili. Wa Lovro ulikuwa unaofuata, kwa kuwa tulichimba pamoja, pahali pamoja, miaka mitatu. Mwisho wa zamu mmoja wetu hubaki nyuma kuwasha tambi za baruti, mwingine hutangulia. Siku ile ilikuwa zamu yangu kuwasha. Lakini saa kumi na moja nilikuwa na mtihani wa shule ya jioni, ukumbi wa mji, na Lovro akaniambia, "Nenda, profesa, nitawasha mimi. Ukifeli usirudi humu, sitaki kuchimba na mjinga." Nilipanda, nikakimbia moja kwa moja na matope yangu. Kibati kilibaki mfukoni.

Lovro aliwasha, akapanda, baruti ikalipuka chini. Akatundika kibati chake. Pembeni yake akaona msumari mtupu.

"Alijua umetangulia," Coralie alisema.

"Alijua nimeondoka mahali petu. Hakujua kama nimefika juu. Ngazi zilikuwa mbovu, watu waliwahi kuanguka. Mlinzi wa shimo alimwona akikimbia, akipaza sauti, ila mashine ya hewa ilikuwa inanguruma, hakusikia neno. Walimkuta palepale tulipokuwa tukichimba. Ghala la baruti lilikuwa upande mwingine kabisa. Hakuna aliyejiuliza."

"Na msumari wako? Si waliuona mtupu?"

Hapo palikuwa pagumu. "King'ora kililia nikiwa kwenye swali la mwisho," nikasema. "Nilimaliza swali. Kisha nikaenda mgodini na wengine, na watu walipokuwa wamebanana mdomoni mwa shimo nikakitundika. Nilidhani naondoa usumbufu tu. Sikujua bado ni nani aliyeshuka. Nilipojua, ubao ulikuwa umejaa, hakuna tena msumari mtupu wa kueleza alichoshukia."

Coralie alipunguza mwendo, akatoka kando ya barabara, akazima gari. Vumbi letu wenyewe likatufikia na kutupita.

"Mama alijua?"

"Hapana."

"Na leo utasema nini?"

"Nitasoma jina lake mwishoni. Wakiuliza, nitasema ni kwa heshima ya mfanyakazi mwenzetu."

Alinitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama. "Kwa hiyo watasema Wesley ana roho nzuri, kamhurumia hata mwizi. Baba, utakuwa unamwibia mara ya pili."

Mimi, niliyewahi kubishana na mawakili wa kampuni wakiwa watano, nikageukia dirishani kutazama vumbi.

"Kwanza utamwambia Neda, nyumbani kwake," alisema. "Halafu wao. Ama nageuza gari sasa hivi."

"Usinitishe, Coralie."

"Sikutishi. Nakuuliza, mbele au nyuma?"

Nikamwambia aendelee mbele. Safari iliyobaki, magari yalipokuja hakuinua kidole. Niliinua mimi, kutoka kiti cha abiria.

Nyumba ya Neda ni ya mabati, ya tatu kutoka baa. Alikuwa ameshavaa gauni la sherehe, ila miguuni ana ndala.

"Wes! Umezeeka vibaya. Ingieni, kahawa ipo motoni. Huyu ndiye Coralie? Nilikuwa nakufuta kamasi wewe."

"Neda, nisubiri kwanza. Nina neno."

"Litakunywa kahawa nalo."

"Nisikilize nikiwa nimesimama."

Nikamwambia. Kusema kwangu kulichukua muda mfupi kuliko kuchemka kwa kahawa. Alisikiliza yote bila kunikatiza, mkono mmoja juu ya kitasa cha kabati. Coralie ndiye aliyekwenda kuzima jiko.

"Nimekupikia miaka thelathini pale baa," Neda alisema mwishowe. "Kila Ijumaa. Nyama na viazi, na mchuzi pembeni kwa sababu hutaki uguse viazi."

"Ndiyo."

"Na kila Ijumaa unaniambia, asante Neda, mkono wako mtamu."

"Ndiyo."

"Niliwauliza wote. Miaka ile ya kwanza nilikwenda nyumba kwa nyumba nikiuliza, kwa nini alishuka? Na kwako nilifika. Ukaniambia, Neda, wanaume chini kule hufanya mambo ambayo hata wao hawayajui. Nikakuamini kwa sababu umesoma."

Nilitaka kusema samahani. Nililitafuta neno zito zaidi nikalikosa.

"Ulifaulu?" aliuliza.

"Nini?"

"Huo mtihani."

"Nilifaulu."

"Ngapi?"

"Themanini na nane."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu dukani. Kisha akaketi na kuanza kuvaa viatu. Coralie alipiga goti kumsaidia na vifungo, na Neda akamwacha amsaidie. Mimi aliniambia, "Toka nje, Wes. Nakuja."

Watu walikuwa kama themanini, kwenye viti vya plastiki mbele ya ukuta, wengi wa umri wangu, kofia magotini. Mwenyekiti wa kamati alinitambulisha kwa maneno mengi mazuri. Kila neno lilinielemea. Neda alikaa mstari wa mbele, Coralie pembeni yake.

Nilisoma majina arobaini na moja. Kulikuwa na upepo kidogo, karatasi ikapigapiga. Kisha nikaikunja, nikasema:

"Lovro Marusich."

Mwenyekiti alinisogelea. "Wes," akanong'ona, "huyo hayumo."

"Najua hayumo. Kaa chini." Nikawageukia. "Lovro hakushuka kuiba. Alishuka kunitafuta mimi. Nilitoka na kibati changu mfukoni, akaona msumari wangu mtupu, akadhani niko chini. Baadaye nilikirudisha kwa siri, na nikawaacha mkimwita mwizi. Nilikuwa katibu wenu miaka kumi na tisa na sikusema."

Mzee mmoja mstari wa tatu, niliyewahi kumtetea asifukuzwe kazi, alisimama, akachukua kofia yake, akaondoka kuelekea kwenye magari. Mwenyekiti alisema jambo hili ni zito, kamati italitazama kikao kijacho, tusonge mbele na ratiba.

Neda akasimama.

"Ratiba ingoje," alisema. "Wale wa nyuma hawakusikia, upepo unachukua maneno. Wes, rudia."

"Neda, tumesikia," mtu alisema kutoka nyuma.

"Wewe Harold ndiye hasa usiyesikia. Wewe ndiye uliyemwambia mwanangu shuleni kwamba baba yake ni mwizi. Rudia, Wes. Anza na jina."

Nikaanza na jina. Nilisema yote tena, polepole, kwa sauti niliyokuwa nikiitumia wakati wa migomo, hadi viti vya mwisho. Neda hakukaa. Hakunitazama mimi hata kidogo. Aliwageukia wao, akawa anapitisha macho mstari kwa mstari, uso kwa uso, mpaka nilipomaliza.