Mama Kweyu Ajifunza Kusimama

Mvua za Aprili mwaka wa tisini na sita zilipoligeuza soko la Gikomba, Nairobi, kuwa tope tupu, Mama Kweyu, muuza mboga wa Shauri Moyo, aliteleza akaanguka chali. Hakuvunjika mfupa, lakini tangu siku hiyo hakuiamini tena miguu yake. Alitembea kwa kushika ukuta, na ukuta ulipokomea ndipo safari ilipokomea.

Mkaza mwanawe akampeleka zahanati. Huko dada mmoja wa mazoezi ya viungo, aitwaye Mbithi, akamwonyesha la kufanya: ainuke kitini bila kujisukuma kwa mikono, atembee kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, kisha asimame kwa mguu mmoja huku ameshika kiti.

"Mwili ukizeeka husahau kujishika, mama," alisema Mbithi. "Tunaukumbusha tu."

"Kwani mimi ni korongo?" alinung'unika Mama Kweyu, na alipofika nyumbani akakikalia kiti alichopaswa kukishika.

Siku chache baadaye Bi Lela wa Majengo, aliyeuza naye mboga miaka mingi, alikuja kumjulia hali. Aliposikia habari ya mguu mmoja alicheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya buibui.

"Hilo tu? Hebu tazama."

Akainua mguu. Akayumba kushoto, akayumba kulia, akadaka pazia, naye na pazia na waya wake wakatua kwenye kochi kwa pamoja. Mama Kweyu alicheka kicheko ambacho nyumba ilikuwa imekisahau.

"Basi sisi ni wagonjwa wawili," alisema Bi Lela, akihema.

Tangu hapo alikuja kila asubuhi baada ya chai. Mmoja akichoka, mwenzake humchokoza. Walianza kwa kung'ang'ania kiti kwa mikono miwili, wakafikia kukigusa kwa kidole, hatimaye kiti kikasukumwa pembeni.

Jua la Juni lilipokausha njia, walikwenda Gikomba. Katikati ya msongamano, mchukuzi wa marobota ya mitumba akampiga Mama Kweyu kumbo la bega. Akayumba. Lakini mguu ulitangulia wenyewe, ukakanyaga, ukashika. Akabaki wima.

"Pole, mathe," alisema mchukuzi.

"Pole ya nini, na nimesimama?"

Bi Lela alikuwa amemng'ang'ania mkono kama walivyoking'ang'ania kiti.

"Niachilie, shoga," Mama Kweyu alimwambia taratibu. "Twende kwako Majengo. Leo mimi ndiye mgeni."