Mbawakawa Waliotaka Nionje Kwanza

Usiku wa jana niliota mipaini ya marehemu mama inakohoa. Ni miti mia mbili, ndiyo yote aliyoniachia, na nusu yake inaliwa na mbawakawa wa magome. Nakimbia huku na huku nikiibembeleza inyamaze, maana majirani watasikia.

Mkononi nina boksi. Alinipa juzi Lugenge, afisa misitu wetu. Ndani mna mbawakawa wawindaji, wale wanaowala wenzao wa magome.

"Wapokee kama wageni," aliniambia. "Na usije ukapulizia dawa, utawaua."

Nikaitikia vizuri sana. Sikumwambia kwamba nilishapulizia Jumapili, shamba zima, kwa pampu ya kuazima.

Boksi linafunguka lenyewe. Wanatoka wamevaa suti za kahawia, wanapanga foleni kunipa mkono. Kila mmoja ananyoosha sita, kwa hiyo kazi inachukua muda.

Mara tuko kilabuni, pale wanapouza ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Meza ni kisiki, na juu yake kuna rundo la magome yanayochezacheza kwa wadudu waliomo. Mkubwa wao anavua kofia, ananisalimu kwa kilugha chetu.

"Kamwene, mwenyeji."

"Kamwene."

"Chakula kinapendeza. Onja kwanza."

Kwetu Njombe humpi mgeni ulanzi kabla ya kupiga funda la kwanza mwenyewe, ajue hukumwekea kitu. Nani kamfundisha mdudu huyu mila zetu?

"Nimeshiba," nasema.

"Hata kidogo?"

"Jino linaniuma."

"Tutasubiri lipone."

Wanakaa. Mmoja anafungua gazeti. Nyuma yangu mpaini mmoja unakohoa, unaanguka. Mwingine unafuata. Nakaa, nasimama, nakaa tena.

"Sisi tuna subira," anasema mkubwa. "Miti yako ndiyo haina."

Nachukua gome, nalifikisha mdomoni. Linanuka dawa. Siwezi. Naona aibu mpaka masikio yanawaka.

"Nilipulizia," nasema.

"Sauti yako ndogo. Sema humu."

Ananionyesha tundu kwenye mpaini, dogo kama la sindano. Napiga magoti, naweka mdomo, nasema yote: Jumapili, pampu, na vile nilivyomdanganya Lugenge. Nalia bila kujizuia. Mbawakawa wanarudi kwenye boksi mmoja mmoja, kila anayepita ananipa pole.

Nikaamka. Kumekucha, na mke wangu Atuganile amesimama mlangoni na simu yangu.

"Bwana Lugenge kaleta meseji. Soma mwenyewe, mimi sielewi."

Nikasoma: "Nimekusikia. Usiwafungulie, dawa bado ina nguvu. Nakuja kuwachukua, watakaa kwangu mpaka iishe. Ila siku nyingine nipigie simu. Sauti yako ilitokea kwenye mbao za mpaini za kitanda chetu, mke wangu ameshtuka sana."