Janet na Foleni ya Ziwani

Kwanza kilisikika kikohozi. Kilitoka ziwani, ndani ya ukungu wa asubuhi, na kilikuwa cha mtu mzima aliyepaliwa na maji. Janet, aliyekuwa amepiga magoti mwaloni, pale zinapoegeshwa boti, maji yakimfika mapajani, alikatiza sala akasubiri.

Akatokea mwanamume mrefu mwenye kofia, konokono wamenata kwenye kola ya shati lake.

"Habari za asubuhi, mama. Njia ya Usagara ni ipi?"

Janet akamwelekeza. Huyu siye yule aliyekuwa akimwombea, lakini alimshukuru Mungu kwa sauti, kisha akaenda kuchemsha uji.

Aliyekuwa akimwombea ni Zadok, mwanawe, aliyezama na boti ya Josephat miezi kumi na minne iliyopita. Mwili haukuonekana. Ukoo ulikuwa umechoka kungoja. Kwao asiyeonekana huzikiwa tunda la mvungunya mahali pake, kwa kuwa ni refu na zito na hulala kaburini vizuri. Mzee Okeyo, kaka wa marehemu mumewe, alikuwa ameshalileta, limefungwa kwenye shuka.

"Shemeji, tunazika Jumamosi," alisema. "Huyu mke wa Zadok atakaa hivi mpaka lini? Si mke, si mjane."

"Tunda sikulizaa mimi," Janet alijibu. "Mungu aliahidi maji yatawatoa waliomo. Na yeye si Josephat. Akisema, amesema."

Tangu siku ya yule mwenye kofia, kila asubuhi alitoka mtu mmoja, waliozama zamani wakitangulia. Wanawake waliwangoja na kanga kavu. Kila mmoja alisimulia kwamba boti aliyozama nayo ilikuwa imejaa kupita kiasi, akaaga, akaenda kwao. Waliokuta nyumba zao zimekuwa mashamba ya watu walikaa nyuma ya kanisa, wakikauka polepole.

"Mungu wako ana foleni, shemeji," Mzee Okeyo alisema siku ya tano.

"Basi si anahudumia?"

Ijumaa akatoka Zadok. Alikuwa na fulana yake ya kazi na kandambili moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umechelewa."

"Tulikuwa wengi."

Alisema hakuja kukaa, amekuja kuzikwa. Aliketi chini ya turubai la msiba, akamsalimia mkewe, akanywa uji vikombe viwili. Kisha akasema mbele ya ukoo wote, na mbele ya Ngosha, mwenyekiti wa mwalo:

"Ile boti ni ya watu ishirini. Tulipanda hamsini na watatu. Nilimwambia Josephat imelemewa, akanijibu kama naogopa nitembee kwa miguu."

Josephat alikuwepo, kiti cha tatu kutoka mlangoni, maana jirani hakosi msibani.

"Ni kweli," alisema. "Nilimjibu hivyo."

Ngosha akatikisa kichwa, akaomba aongezewe sukari.

Jumamosi Zadok alijilaza mwenyewe ndani ya jeneza, akaweka mikono sawa. Mchungaji alihubiri kwamba Mungu hasahau alichoahidi, na hakuna aliyebisha. Waliimba mpaka udongo ukajaa. Mzee Okeyo akawatupia mbuzi lile tunda. Mbuzi hawakulitaka.

Baada ya chakula, waombolezaji wa kisiwani walianza kuondoka kabla upepo wa alasiri haujaanza. Kivuko hakifiki kule. Inayofika ni boti mpya ya Josephat peke yake. Walipanda wakakaa, wengine wakapanda wakasimama, mpaka ubao ukabaki kiganja kimoja juu ya maji. Ngosha alisaidia kupakia masufuria.

"Bado nafasi ya mmoja!" Josephat aliita. "Wewe mama mwenye mtoto, njoo, mtabanana tu."

Alikuwa Dorcas, mdogo wake Janet, mtoto mgongoni. Akapanda. Maji yakaingia kidogo, mtu akayachota kwa kopo.

"Shuka, Dorcas," Janet alisema.

"Nishuke nilale wapi, dada? Nimeacha watoto wawili peke yao. Wewe tuombee."

Injini ikawaka. Janet aliifuata boti mpaka maji yakamfika kifuani, akaushika ukingo wake, akasema kwa sauti ili hata walio mbele wasikie:

"Nakuahidi, mdogo wangu. Nitaomba kila asubuhi, mpaka wewe na mtoto mtoke."