Usukani wa Pembe za Kondoo

...toa mikono kaka, nilikwambia shika nipime, nimeshapima, sasa toa, alisema Abdulmajid fundi baiskeli, msumeno wa chuma umeshakaa juu ya bomba la usukani, na Athanas akajibu sawa, natoa, ngoja kidogo dada yangu yuko hewani, maana simu ilikuwa imebanwa kati ya bega na sikio, na Benedikta alikuwa anapiga kelele kutoka kwao Rungwe utadhani anamwita mtu aliye ng'ambo ya bonde, kaka, unanisikia, imefika, unanisikia wewe, nakusikia, alisema, ingawa alichokuwa anakisikia hasa ni spika ya duka la pili ikiita watu waje wachague nguo za watoto, njooni mchague, njooni mchague, na honi za bodaboda, na mtu wa guta akiomba njia kwa matusi, Kariakoo bwana, hata kipande cha chuma huwezi kukikata kwa utulivu, na kwani ni nini, alijiambia Athanas, ni usukani tu, umepinda kwenda chini kama pembe za kondoo, kreti la samaki halikai hapo, ukiinama namna ile na mzigo nyuma utaanguka na samaki wa watu, kwa hiyo unakatwa, linawekwa bomba lililonyooka, nyuma inachomelewa keria, na kesho alfajiri yuko sokoni Feri kama kawaida anapakia vibua, kazi ni kazi, ile baiskeli yake ya mizigo lori lilishaikanyaga wiki iliyopita pale Gerezani, likirudi nyuma bila kuangalia, samaki wakatapakaa barabarani na watu wakawaokota huku wanampa pole, pole kaka, pole sana, na mikono imejaa samaki, na Shadya mama lishe alishasema kwa upole wote, mimi sina ugomvi na wewe Athanas, ila kesho samaki wasipofika mapema nachukua mchukuzi mwingine, sasa mtu atafanyaje, atapanda ukutani? Baiskeli hii ndiyo imekaa ukutani miaka yote hii, kwenye misumari, juu ya kitanda, mwenye nyumba alipokuja akacheka, wewe unaning'iniza baiskeli wenzako wananing'iniza picha, na hewa ya Dar ikaila kimyakimya, chumvi imeingia kwenye boliti mpaka haifunguki, Abdulmajid kahangaika nayo kwa mafuta na nyundo akaacha, hii dawa yake msumeno, na Athanas akaona aibu, kana kwamba kaleta mgonjwa aliyemlea vibaya.

Imefika mpaka kanisani, alisema Benedikta, nyeusi tii, watoto jioni wanaenda kulala juu yake kwa sababu ina joto, mchungaji anawafukuza wanarudi, na Athanas akasema nini, nini imefika, lakini mtu wa guta alikuwa bado hajapewa njia na jibu likapotea, watoto wanalala juu ya nini, kule kwenye ukungu watoto hawalali nje, kule jioni mtu anatafuta moto, yeye mwenyewe alikuwa akirudi na wageni aliokuwa akiwaongoza kwa baiskeli, vidole vimekufa ganzi na bado anacheka, maana hakuna kilichomfurahisha duniani kama barabara ile, changarawe nyeusi ya volkano, inapanda katikati ya migomba mpaka begani mwa mlima, halafu inashuka, inashuka, inazunguka mpaka unaliona ziwa chini limekaa ndani ya shimo lake, na mawe mepesi ambayo ukiyatupa majini yanaelea, wageni walikuwa wanayarusha wanashangaa kama watoto, na yule Mholanzi mrefu aliyekuja kumwachia baiskeli hii, siku ya kwanza aliuliza kwa wasiwasi, hapa magari yanapita saa ngapi, na Athanas akamjibu Jumamosi, yule akadhani anataniwa, wala hakutaniwa, lilikuwa lori moja la ndizi na lenyewe likija Jumamosi kama mvua imeruhusu, siku nyingine zote njia ni yako, unashuka bila kugusa breki, mikono chini kwenye pembe, kidevu mbele, husikii kitu ila matairi yanatafuna changarawe, na mama mwenye kuni kichwani anasogea pembeni anakusalimu, na unapata muda wa kumjibu, ndaga mama, unapata muda, hilo ndilo, hapa mjini hajawahi hata siku moja kufika mwisho wa mtaa bila kushusha mguu chini. Oya kaka, alisema Abdulmajid, nina mtu hapa ana pancha, tusiwekeane foleni, na Athanas akasema natoa ndugu yangu, natoa, kisha kwenye simu, Bene, rudia, hapa kelele, nini imefika?

Lami kaka! Lami!

Na spika ikaendelea kuita, njooni mchague, na yeye akasema lami, akasema hongereni, neno likatoka lenyewe kama unavyompa mtu hongera ya mtoto kabla hujauliza hali ya mama, hongereni sana, na Benedikta akacheka kwa furaha mpaka akakohoa, na ana haki ya kufurahi, nani asiyefurahi, hata yeye Athanas kwenye mkutano wa kijiji alinyoosha mkono, tena juu kabisa, waliotaka lami wanyooshe mikono, atakaa chini vipi wakati mama yao alibebwa kwa machela kwenye barabara hiyohiyo, masika, tope mpaka magotini, yeye kashika miti ya mbele, Benedikta pembeni na mwavuli usiosaidia kitu, na pale kwenye kona, kona ileile ambayo siku za jua alikuwa akiilalia na baiskeli mpaka wageni wakipiga kelele za kumshangilia, wakateleza, wakaweka machela chini wapumzike, na walipoinyanyua ilikuwa imebadilika uzito, yeye ndiye alijua kwanza, hakusema, wakatembea naye hivyo mpaka hospitali kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema, sasa lami hiyo ataichukia kwa haki gani, ingekuja mapema mama angekuwa anaota jua mlangoni, mtu mwenye akili anapiga magoti anashukuru, na yeye hapa roho inamuuma kama aliyeibiwa, na hawezi kumwambia mtu yeyote, atamwambia nani, Abdulmajid, kwamba kwetu wamepata barabara nzuri na mimi nimebaki yatima mara ya pili?

Benedikta anasema sasa kuna mabasi, anasema malori ya parachichi yanapita mchana kutwa, juzi moja limegonga mbuzi wa mchungaji, anasema huamini kaka, basi linakushusha mlangoni, hiyo baiskeli yako huihitaji tena, iuze hukohuko, njoo tu, na Athanas akasema ndiyo, nitakuja, kama anavyosema kila mara, na safari hii akalisikia neno lenyewe lilivyo jepesi, halina kitu ndani, maana kila usiku pale kitandani chini ya misumari alikuwa kwa mawazo anashuka kwenye basi pale njia panda, anaipokea baiskeli kutoka kwenye buti, anajaza upepo, anapanda, na kilichobaki ni kile kipande cha mwisho, changarawe, migomba, kona, kimya, hicho ndicho alichokuwa anakiita kurudi, si nyumba, nyumba ilishabomoka ukuta mmoja, si mama, ni kipande kile, na kwa ajili yake alibeba samaki wa watu, akala vumbi la Msimbazi, akatukanwa na makonda, akasema mwaka mmoja tu, halafu mmoja tu tena, na kumbe muda wote huo walikuwa wanashindilia kokoto juu yake, hakuna pa kurudi, akajisikia anaiwaza hivyo waziwazi, hakuna, na hapa sipo, na kule hakupo, basi.

Kata simu kaka nikukatie usukani, alisema Abdulmajid kwa utani, na Benedikta alikuwa ameshakata mwenyewe, salio limekwisha, simu ikateleza begani ikaangukia kwenye rundo la tairi kuukuu na Athanas hakuiinamia. Fundi akamwangalia, akaangalia chini, akaona kwa nini msumeno hauna pa kupita. Ile mikono, ambayo aliambiwa tu aishikie baiskeli isitikisike, ilikuwa imeteremka yenyewe mpaka kwenye pembe za chini, vidole viwili viwili juu ya breki, mgongo umeinama, kidevu mbele, magurudumu yamebanwa katikati ya matofali, na mbele yake ukuta wa duka. Kaka, alisema Abdulmajid, kwa sauti ya chini sasa, toa mikono. Naitoa, alisema Athanas, naitoa, akaitazama, ikabaki palepale.