Miguu ya Mama Mariette

Picha ilikuwa imekamilika, na Bernardine hakujua aiweke wapi furaha yake. Alikuwa ameiegemeza ukutani, uani kwao Kashojwa, kwenye makazi ya wakimbizi, ili jua la asubuhi likaushe rangi ya mwisho, naye akawa anaizunguka, anarudi nyuma, anasogea tena, anajipongeza mwenyewe kwa sauti. Kesho, Jumamosi, ingetundikwa Mbarara kwenye maonyesho yake ya kwanza, yeye aliyejifunzia kazi kwa kuchora vichwa kwenye milango ya vinyozi. Nani angetulia?

Tatizo lilikuwa moja tu: hakuna mwingine aliyeitaka picha hiyo.

Nabilah, mwenye ukumbi, alikuwa amemweleza vizuri kabisa kwa simu. "Nyabo, leta ile ya mahema. Mama na dumu ya maji, mtoto nalia. Watu ya mjini nataka kuona mkimbizi." Bernardine akaitikia ndiyo, ndiyo, kisha akachora alichokitaka yeye: mama yake, Mama Mariette, akicheza kama alivyocheza kabla baba hajafariki, kichwa nyuma, kinywa wazi.

Mama mwenyewe alipoiona alikuja juu.

"We Bernardine! Umeniweka meno yote inje? Miye mujane! Banamama ba kanisa batasema nini? Usipeleke ile kintu ku Mbarara."

Kanisani kwao mjane aliyecheza alisemwa mwaka mzima, na kwa miaka minne Mama Mariette alikuwa amejizoeza kucheka huku ameziba mdomo kwa kiganja. Kwa hiyo mjini walimtaka analia, kanisani walimtaka amenuna, na Bernardine alikuwa amewachoka wote. Angeipeleka tu, potelea mbali. Akaingia ndani kunywa chai.

Sasa, turubai la wachoraji hakuwa nalo. Alikuwa ameshona magunia, akayapaka uji mzito wa fufu, unga wa muhogo, ili rangi ishike, na kwa ujanja wake akatia chumvi, tena si haba, eti wadudu wasisogee. Wadudu kweli hawakusogea. Aliyesogea ni mbuzi wa jirani yao Semahoro. Bernardine alipotoka, kikombe mkononi, mbuzi alikuwa amekwisha kula sketi na miguu yote miwili, anatafuna huku anamtazama bila haya hata kidogo.

Ukelele alioupiga ulileta nusu ya Kashojwa. Mama Mariette akatoka jikoni anakimbia, mwiko mkononi.

"Haya, furahi sasa!" Bernardine akamwambia, maneno ambayo siku nyingine yangemletea kofi. "Haiendi popote!"

Mama aliweka mwiko chini. Aliinama pale picha ilipoishia, magotini, akapitisha kidole kwenye ukingo uliotafunwa.

"Miguu yote?"

"Yote."

"Miye nilikimbia vita ku Fizi na hii miguu," akasema polepole. "Weye ukiwa ku mugongo. Nilitembea siku mingi. Leo mbuzi ya Semahoro njo inaikula?"

Hasira ilimpanda hadi masikioni. Akaingia ndani. Sanduku likafunguliwa, mkasi ukalia. Alipotoka alikuwa ameshika nusu ya kitenge chekundu, kile alichojifunga siku ya harusi yake, ambacho hakuna aliyekiona tangu mazishi ya baba.

"Mama! Umekikata?"

"Leta sindano ya magunia. Na unichore muzuri."

Walishona pamoja. Kisha Mama Mariette akawafukuza watazamaji wote, akavua kandambili, akaanza kucheza pale uani bila ngoma, kwanza kwa aibu, halafu aibu ikamtoka. Bernardine alipaka rangi, miguu ikizaliwa upya kwenye kile chekundu. Hakuwahi kuchora haraka hivyo, wala vizuri hivyo. Vumbi lilipopanda, akalichora nalo.

Ukumbi wa Nabilah ulikuwa juu ya duka la vitambaa la familia yake, mjini Mbarara. Kesho yake Bernardine alipoikunjua picha mbele yake, Nabilah alirekebisha mtandio, akakunja uso.

"Hii si mkimbizi. Hii ni harusi. Sasa mimi naweka wapi?"

Ukuta mmoja tu ulikuwa wazi, ule unaotazamana na ngazi, msumari ukisubiri ile picha ya mama na dumu la maji. Bernardine aliogopa, na hakuona aibu kuogopa. Lakini Nabilah alikuwa mtoto wa duka, mikono yake haikuweza kuacha kitambaa. Akapapasa ile sketi.

"Kitenge hii ni ya zamani. Siku hizi hakuna tena. Nani alikata kitu kama hii?"

"Njo miye," akasema Mama Mariette kutoka mlangoni, akihema kwa sababu ya ngazi. Alikuwa amejifunga nusu iliyobaki.

Nabilah akaitazama sketi ya kwenye picha, akaitazama ya mama.

"Wewe ni mkimbizi?"

"Miaka kumi na tisa."

"Na unacheza?"

"Uliza mbuzi."

Nabilah akacheka kabla hata hajaelewa. Aliposimuliwa kisa chote alilazimika kukaa chini. Kisha akainuka, akaibeba picha mwenyewe, akaitundika kwenye ule ukuta.

"Apana," akasema Mama Mariette. "Ile fasi ni ya juu sana. Munishushe. Miguu ifike chini."

Nabilah akang'oa msumari, akaupigilia chini, akaushusha tena, mpaka vidole vya rangi vikagusa sakafu. Wageni wa kwanza walishaanza kupanda ngazi. Mama Mariette akavua viatu, akasimama kando ya miguu yake ya rangi. Kiganja kikapanda kuziba mdomo kama kilivyozoea, kikaishia kifuani. Akacheka mbele ya watu, meno yote nje.